Vitalia na Transfoma ya Kiwanda cha Barafu

Vitalia, mzaliwa wa Matiri, ni fundi wa transfoma mjini Mbinga, na kazi hiyo anaipenda kama wengine wanavyopenda ngoma ya mganda. Alipoolewa na Aidan, kijana wa kule ziwani, mama mkwe wake Bonifasia hakumwelewa. "Mwanamke na umeme wapi na wapi?" alimuuliza mwanawe. Wakawa wanasalimiana vizuri, lakini baada ya salamu maneno yaliisha.

Mwaka jana transfoma ya kiwanda kidogo cha barafu, ambako Bonifasia na akina mama wenzake walihifadhi samaki, ikaanza kuchemka hata mzigo ukiwa mdogo. Barafu ikakoma. Vitalia akateremka ziwani na fundi mwenzake, Meshack.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe uliyetumwa?"

Walizima umeme, wakatoa mafuta, wakafungua kifuniko. Vitalia akachomoa waya wa ethi unaounganisha kiini cha chuma na tangi, akapima. Waya huo ukitolewa, kiini hakitakiwi kugusa tangi popote. Mita ikasoma karibu na sifuri, yaani hakuna kizuizi kati ya viwili hivyo.

"Kinagusa mahali pengine," alisema Meshack.

Bonifasia alikuwa amesogea uzioni. "Sasa kikigusa kwingi si ndiyo salama zaidi?"

"Hapana, mama. Kikiunganishwa sehemu moja kinatulia. Zikiwa mbili, umeme unapata njia ya kuzunguka, unazunguka weee, mpaka chuma kinachemka."

"Kama mwanamume mwenye nyumba mbili!"

Akina mama wakaangua kicheko. Hata Vitalia ikabidi aweke mita chini.

Walipoinua kiini kwa winchi, wakakuta ubao wa kuzuia umeme umehama na bapa la chuma la kiini limegusa sakafu ya tangi. Wakaweka ubao mpya, wakapima tena: safi. Waya wa ethi ukarudishwa, mafuta yakachujwa na kujazwa.

Mashine iliponguruma na barafu ya kwanza kuporomoka, vigelegele vilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Bonifasia akamshika Vitalia mkono, akampitisha soko zima. "Mkwe wangu huyu! Mnamwona?" Kisha akamtumbukizia kipande cha barafu mgongoni, Vitalia akaruka akipiga ukelele.

Mchana mkwe na mama mkwe walikula ugali kwa mbasa, samaki wa ziwani, sahani moja.

"Na ile transfoma ya kule kanisani," aliuliza Bonifasia, "nayo ina kiini?"

Vitalia akaanza kueleza, mdomo umejaa samaki.