Eda ya Mke wa Fundi wa Rili

Isihaka wa Kisarawe alipofariki, waliokwenda kumzika walisema fundi kama yule hatazaliwa tena. Alikuwa fundi wa rili, vile vigurudumu vya chuma vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, vinavyoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Kazi hiyo aliianzia Dar es Salaam, kwa Mzungu mmoja aliyependa kuvua kuliko kula. Aliporudi kwao, rili zilimfuata. Zilipanda kilimani kwa lori zikiwa zimeganda chumvi ya bahari, zikisaga kama wali wenye mchanga. Zikashuka zikizunguka kimya.

Jambo moja watu hawakulijua. Miaka ya mwisho macho ya Isihaka yaliingia ukungu. Alikaa barazani, akapokea rili, akazungumza na wateja, akawaambia, "Njoo Jumamosi." Kisha aliipitisha ndani, na mkewe Mwanahalima ndiye aliyeifungua juu ya mkeka, akayaosha meno ya chuma ya ndani kwa mafuta ya taa, akaipaka mafuta ya cherehani kwa unyoya wa kuku. Mumewe aliizungusha karibu na sikio na kusema, "Bado, mna chembe." Na kweli chembe ilikuwamo.

Sasa Mwanahalima alikuwa ndani ya eda, kaniki mwilini, pazia mlangoni, na Bi Biasha, shangazi wa marehemu, akikaa naye. Barazani alishinda shemeji yake Matano, seremala, ndugu pekee wa marehemu. Alikwisha kutangaza kwamba sanduku la vifaa ni lake na kazi ya rili ataiendeleza yeye. "Mbao naziweza, nitashindwa na kichuma?"

Mwanahalima aliyasikia akanyamaza. Hakuwa na mtoto wala shamba la kwake. Kazi ile ikiondoka, angerudi kwa kaka zake Mlandizi kukaa jikoni kwa wake zao. Lakini kusema kwamba kazi ilikuwa yake ni kumwondolea mumewe sifa alizozikwa nazo.

Rili iliyofumua mambo ilikuwa ya Mzungu wa shamba la mkonge, upande wa Ruvu. Dereva wake, Adamu, alikuwa ameshamletea Matano aitengeneze, kisha akaichukua ikiwa inang'aa. Jumatatu alirudi nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imemfaa bwana?"

"Imemfaa samaki. Kolekole kashika ndoana, kaondoka na mshipi wote kama anaupeleka kwao. Rili haikumzuia hata kidogo. Bwana masikio yamemwiva kama pilipili."

"Labda samaki alikuwa mkubwa."

"Mzee, hata mimi nikiuvuta kwa kidole unakuja."

Mwanahalima akasema nyuma ya pazia, "Shemeji, ulipoifungua, hukukuta kipande cha ngozi, mviringo, chenye tundu katikati?"

"Nilikikuta. Kimechakaa, cheusi. Nikajua ni kiraka, nikakitupa."

"Hicho ndicho breki."

Matano aligeukia pazia.

"Wewe umejuaje?"

Mwanahalima alimtazama Bi Biasha. Bi Biasha aliangalia ukuta.

"Macho yalimwacha zamani, shemeji. Rili zote za miaka hii nimezifungua mimi."

"Unamvua ndugu yangu nguo, na udongo haujakauka?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha. Na masikio yake hayakumwacha mpaka mwisho. Lakini mikono ilikuwa hii."

"Matano," alisema Bi Biasha, "wewe ulikuwa unakula hapa kila Ijumaa, na hukugundua kwamba nduguyo anapapasa bakuli. Usitufanyie ukali."

Adamu alikohoa. "Mimi sijasikia kitu. Nataka rili tu."

Matano aliiweka rili juu ya ungo, akausukuma chini ya pazia. Mwanahalima aliifungua. Meno yalikuwa safi. Matano hakuwa mvivu. Ilitakiwa ngozi, tena ngozi iliyokwisha kulainika. Makubadhi ya marehemu yalikuwa ukutani. Aliyashusha, akatwaa kisu, na Bi Biasha akamshika mkono.

"Mali haijagawanywa, mwanangu. Hata ukanda wa kiatu una mrithi mwenzio. Muombe."

Basi akaomba. "Shemeji, naomba soli ya kubadhi la marehemu, nikate breki."

Kwa Matano kukataa kulikuwa rahisi: rili ingerudi Ruvu ilivyo, sanduku lingebaki kwake, na aibu ya ndugu yake ingezikwa. Kukubali kulikuwa ni kusema mbele ya dereva kwamba aliyoyasikia ni kweli.

"La kushoto au la kulia?" aliuliza mwishowe.

"La kushoto. Limelainika zaidi. Mguu huo ndio aliouegemea."

"Najua aliuegemea," alisema Matano. "Alianguka mnazini tukiwa watoto. Kata."

Mwanahalima alikata mviringo, akatoboa tundu, akauchovya katika mafuta, akaufuta, akaupachika na kukaza. Ungo ulirudi nje. Adamu alivuta mshipi, safari hii kwa mkono mzima.

"Hii sasa inabishana," alisema. "Nimwambie bwana ametengeneza nani?"

Matano aliinuka. Sanduku la vifaa alikuwa amelikalia muda wote huo. Alilisukuma kwa mguu mpaka likagusa pazia.

"Mwambie fundi yuko eda. Rili niletee mimi, nitazipitisha hapa chini. Siku ya kugawana, mimi nitaomba minazi ya marehemu."

"Minazi ina kazi," alisema Bi Biasha. "Usije ukaanguka na wewe."

Adamu alicheka, akageukia pazia. "Basi fundi, bwana anazo nyingine mbili, mbovu kuliko hii."

"Zilete," alisema Mwanahalima. "Lakini kwanza azioshe kwa maji ya kisima, leo hii. Asingoje chumvi ikauke."