Bangili Iliyomkwama Shangazi

Shangazi, dada yake baba, alifika kutoka Chewele, kwa wafugaji wa ukoo wa baba, siku ya arobaini ya mama. Hata chai hakuimaliza. Alininyooshea kidole mkononi.

"Hiyo vua. Ni ya mama yangu. Mama yako aliichukua."

Hakusema aliiba, lakini wanawake wote waliokaa mkekani walielewa hivyo. Baba alitazama mlango. Mama alinivisha bangili ile ya fedha akiwa mgonjwa, akaniambia imetoka Kau, huko pwani, kwa mama yake. Ndivyo nilivyojua. Usiku huohuo nikaanza kujiuliza kama alisema Kau kweli, au nilisikia nusu na nusu nyingine nikajijazia.

Nina shahada na sina kazi, kwa hiyo nafasi ya kuwaza ninayo. Niliipima kwa rula. Niliipiga picha pande zote nikazilinganisha na picha za bangili kwenye simu. Zote zilifanana nayo, mpaka nilipozivuta karibu. Mwishowe nikaipeleka kwa sonara wa Garsen, mtu wa Kipini asiyependa maswali.

"Ya zamani," alisema. "Ya wapi, siwezi kukwambia bila kuikata. Za wafugaji hupigwa fedha nzima. Za kwetu pwani zina uwazi ndani, hujazwa sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti."

"Uzito hauwezi kusema?"

"Kuna waliochanganya sandarusi na risasi, ikawa nzito. Mizani itakudanganya. Nikate?"

Niliondoka nayo mfukoni. Nikiikata nikakuta shangazi alisema kweli, nitamtazamaje mama yangu kaburini? Nisipoikata, atabaki mwizi wa mkekani.

Wiki iliyofuata shangazi alirudi. Nilikuwa nimeivua ili nioshe vyombo. Akaichukua mezani.

"Nikiwa msichana nilikuwa navaa hii nikichunga ndama. Mkono wangu unaijua."

"Shangazi, itakubana."

"Wewe umesoma mikono chuo kikuu?"

Alijipaka sabuni mpaka kwenye kiwiko, akauma meno, akaisukuma. Ikaingia. Akaninyanyulia mkono usoni. "Umeona?"

Lakini kutoka haikutoka. Alikataa kulalamika. Alikula chakula cha mchana kwa mkono uleule, akalala nayo. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba kama ndizi za Kilelengwani.

"Huu ni ubaya wa mama yako," aliniambia tukienda kwa sonara. "Mkono wangu ukikatwa, mwenye digrii, utaandika ripoti?"

"Nitaandika kwamba ulijivalisha mwenyewe."

Sijawahi kumjibu mkubwa namna ile. Njia nzima nilirudia maneno yangu kichwani nikiyaonea aibu. Hata hivyo sikuyafuta.

Sonara alipenyeza kipande cha ngozi chini ya bangili, akachukua msumeno mwembamba. Shangazi alivuta mkono.

"Nyamaa mama, usitikise. Sikati nyama."

Nilitazama meno ya msumeno tu. Unga mweupe wa fedha ulianguka kwanza. Kisha ukaanguka wa kahawia. Sonara alisimamisha msumeno, akaukusanya kwenye kipande cha bati, akauwashia kiberiti. Ulitoa moshi wenye harufu ya utomvu.

"Sandarusi," alisema. "Hii ni ya pwani."

Alimaliza kukata, akaipanua, ikatoka. Shangazi alisugua alama nyekundu kwenye mkono wake. Kwa mara ya kwanza alionekana kuchanganyikiwa.

"Sasa ile ya mama yangu iko wapi?"

"Sijui," nilisema.

"Mama yako alipoolewa kwetu ndiye aliyekuwa anafua nguo zetu. Angejua."

"Ulisema ni hii, Shangazi. Mbele ya watu."

"Mimi sikusema aliiba."

"Basi kawaambie walewale kwamba hukusema."

Alijifunga mtandio, akatoka bila kuniaga. Sonara aliniuliza kama aiunge. Itaungika vizuri, alisema, ila itapungua kidogo na huenda ikanibana. Niliirudisha mfukoni.

Sikuiunga. Wanawake wale watakusanyika tena kwetu kwa dua ya mama, na shangazi atakuja, maana haachi shughuli impite. Nitaiweka katikati ya mkeka hivyo hivyo, imekatwa, tundu lake likionekana, na nitamwomba yeye mwenyewe awaeleze kilichokuwa ndani.