Mama wa Miambani katika Bakuli la Vilimaina

Hapa kisiwani Kadavu, Fiji, hakuna mpishi wa kumfikia Vilimaina. Akikaanga vitunguu, maiti hugeuka kaburini na kuuliza chakula kitaiva lini. Mimi ni jirani yake, na kati yetu kuna ukuta wa bati tu, kwa hiyo najua anachopika na anacholilia.

Shule yetu ilifunga udugu na shule moja kubwa ya Suva, mji mkuu, watoto wasome sayansi pamoja. Wasuva walileta vasua, wale chaza wakubwa wenye midomo ya buluu, wakiwa bado wadogo kama ukucha. Watoto wakawapanga katika vizimba vya waya kwenye maji ya kina kifupi mbele ya kijiji. Wetu wakipima, wale wa Suva wakipigiwa simu wapewe vipimo na kuvichora. Kila vasua alikuwa na jina lake. Kumbe vasua huanza dume, akinenepa ndipo anakuwa mama pia. Nilipoambiwa, nilisema nawajua wanaume kadhaa ambao jambo hilo lingewafaa.

Miaka ikapita, wachache wakanenepa. Ndipo Wasuva wakaja kwa meli kutazama kama mama hao watataga. Wakitaga, watoto wao wangepandwa kwenye miamba yetu yote iliyobaki mitupu.

Wageni waliingia, na upepo ukaingia nyuma yao. Upepo ule ulimnyoa mbuzi wangu upande mmoja, hadi leo anaona haya kugeuka. Hakuna mtumbwi uliotoka kuvua. Vilimaina, mpishi wa wageni, alibaki na muhogo, majani ya majimbi na makopo ya samaki. Kwetu, ukimlisha mgeni kopo, aibu yake watairithi wajukuu.

"Nitawapa nini, dada?" akaniuliza.

"Wape kopo, useme limevuliwa leo."

Hakucheka. Alfajiri maji yalipokupwa, akashuka pwani na kisu. Moyoni alijiambia: hawa vasua ni wa shule, na wageni ni wa shule, basi kila mtu anakula chake. Akachagua wakubwa, maana mgeni hapewi kidogo. Akafunga vizimba vizuri, akarudi.

Nyama ikalowekwa kwa ndimu na tui la nazi. Wageni wakaramba vidole. Sote tulidhani ni vasua wasiofugwa, na mimi niliramba hata mwiko.

Jioni maji yalikupwa tena, watoto wakashuka kuwaona mama vasua wao. Titilia, mjukuu wa Vilimaina, akarudi mbio huku analia. "Wakubwa wote hawapo."

"Ni wale wa ng'ambo ya ghuba," akasema Mwalimu Inoke. "Wezi tangu babu zao."

Setareki akatikisa kichwa. Huyu ni binamu yake Vilimaina, na kwetu binamu wa namna hiyo ni watani, hakuna neno wasiloweza kuambiana. "Wa ng'ambo wangeacha vizimba vimepinduka," akasema. "Huyu mwizi ni msafi. Binamu, si wewe unayefagia hata mchanga wa bahari?"

Watu wakacheka. Vilimaina akacheka nao, lakini mikono yake niliiona ikijificha ndani ya aproni. Kisha akaondoka.

Aliporudi alikuwa amebeba jino la nyangumi, lile la harusi yake. Jino hilo kwetu ndilo ulimi wa kuombea msamaha, na hubebwa na wanaume mbele ya wazee. Vilimaina akampita mkuu wa kijiji, akawapita walimu, akapiga magoti mkekani mbele ya watoto.

"Nimewaua mimi," akasema. "Niliona haya ya kopo. Mmewala mchana."

Watoto hawakujua nani apokee. Titilia alimtazama bibi yake kama anayemwona mara ya kwanza. Ndipo Anjeshni, msichana wa Suva, akasogea.

"Bibi, ulipowapasua, ndani kulikuwa na kitu cheupe, kizito kama maziwa?"

Vilimaina akaitikia kwa kichwa. "Kilikuwepo. Tele. Nilidhani ni mafuta, nikakichanganya na tui."

"Basi walikuwa tayari," Anjeshni akasema taratibu. "Ni mayai, Bibi."

Afadhali wangelia. Hawakulia. Titilia akalipokea jino kwa mikono miwili, kama alivyoona wanaume wakifanya, na maneno ya desturi yakampotea. Akasema tu, "Tumepokea, Bibi."

Kwa desturi, kosa lilizikwa pale pale. Setareki alianza utani, ukamfia mdomoni.

Wasuva walileta vasua wadogo wengine. Sasa kila maji yakikupwa, Vilimaina anainama vizimbani na mswaki, anasugua mwani usiwazibe, ingawa hakuna aliyemtuma. Hali vasua tena. Wageni wakija anafungua kopo mbele yao, na anawaambia ni kopo.

"Kosa lilizikwa, dada," nilimwambia juzi pale vizimbani. "Utaacha lini?"

"Wakitaga."

"Hao watachukua miaka. Mimi na wewe tutakuwa tumeshalala chini ya majani."

Akasuuza mswaki, akamgeukia vasua mwingine. "Ndiyo maana nasugua haraka," akasema.