Miguu ya Mama

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka ufukweni kila wiki, mama yangu alikuwa amevuka sabini na bado alinishinda nguvu. Tuliishi wawili tu Katubuka, mimi mwalimu wa shule ya msingi, yeye mkulima. Alijichotea maji, alitwanga mwenyewe, na asubuhi alishuka ziwani kwa miguu kununua dagaa. Nikimwambia apumzike, alikuwa akinijibu, "Siku nikiletewa maji kitandani, ujue nimekwisha." Majirani waliisifu miguu yake. Nami niliisifu, nikasahau kukiangalia kichwa.

Alianza kutia chumvi mara mbili. Siku moja alibandika sufuria kwenye jiko lisilo na moto, akakaa kungoja maji yachemke. Nikasema ni uzee. Kisha asubuhi moja, natoka kwenda kazini, akasimama mlangoni, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Mama yangu mzazi ananiamkia mimi! Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alisimama vile vile, akingoja niitikie.

Hofu ikaniingia, lakini sikumzuia kutoka. Ningemfungiaje ndani mtu anayepanda mlima na ndoo ya maji kichwani bila kuishika?

Wiki hiyo hiyo nilirudi mchana nikakuta mlango wazi, nyumba kimya. Nikashuka ziwani mbio. Boti mbili zilikuwa zimefika kutoka ng'ambo ya ziwa, nguo zimeanikwa juu ya mawe, watoto wanalia. Mama mmoja muuza dagaa akanishika mkono.

"Mama yako nimemwona kwenye foleni ya wakimbizi. Nimemwita, hakugeuka. Lori lao la kambini limeshaondoka."

Nilikodi teksi ya jirani yetu. Lori tulilikuta Mwandiga, limesimama kando ya barabara likibadilishwa gurudumu. Mama alikuwa juu, katikati ya watu, ametulia, kikaratasi chenye namba kimefungwa mkononi mwake.

"Yule ni mama yangu," nilimwambia ofisa aliyekuwa na orodha.

"Tumemuuliza ametoka wapi, amesema ng'ambo. Na anaongea kama wenzake."

"Anaongea Kiha cha hapa hapa! Si Kirundi!"

Lugha zenyewe zinakaribiana mno, na mimi sikuwa na karatasi yoyote mkononi. Ofisa akamgeukia. "Bibi, unamfahamu huyu?"

Mama alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Ni mwalimu," akasema. "Kwao sikujui."

Ofisa akafunga orodha yake. Gurudumu lilikuwa limeshakazwa, dereva wa lori anapanda. Ni jirani yetu mwenye teksi aliyeniokoa. Alisogea, akaapa kwamba kila mwaka hununua mahindi ya bibi yule, akataja hata shamba lilipo. Ofisa akawageukia vijana wa lori. "Haya, mshusheni."

Walinyoosha mikono wamsaidie. Mama hakuishika. Alikanyaga tairi, akaruka chini kwa wepesi kama msichana.

Tangu siku hiyo, nikienda kazini nilimfungia ndani kwa kufuli. Asubuhi ya kwanza hakupiga kelele. Aligonga taratibu, akanyamaza, akagonga tena. Kisha nikamsikia nyuma ya ubao wa mlango:

"Mwalimu, namba yangu bado haijaitwa?"

Nilitia ufunguo kwenye pochi nikaenda kufundisha, na nilifanya hivyo kila siku ya kazi, hadi miguu yake nayo ilipochoka.