Mwaliko wa Kaunti

Kazi yangu mimi ni ya mlangoni. Mtu akiozesha mtoto wake hapa mtaani kwetu Malindi, hunituma nipite nyumba hadi nyumba nialike wanawake wenzangu. Navaa buibui langu, nabisha hodi, nasema nimetumwa na mama fulani, arusi ya mwanawe ni siku fulani, msikose. Usipofikiwa mlangoni hukualikwa, hata kama arusi yenyewe ni ya jirani na sufuria za pilau unaziona kwa macho yako.

Watu wa kaunti jambo hili hawakulijua. Kipindupindu kilipoingia walileta gari lenye vipaza sauti, likawa lazunguka asubuhi na jioni: chemsheni maji, naweni mikono, njooni skuli mnywe chanjo. Meseji nazo zikaingia kwenye simu, tukazifuta pamoja na zile za bahati nasibu. Siku ya chanjo wauguzi wakakaa skuli na masanduku yao ya barafu, na watu hawakuenda. Si kwamba walikataa. Jirani yangu wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, nilimuuliza mbona hakupeleka wajukuu, akanishangaa. "Kwani twaambiwa sisi? Si gari linapita tu?"

Afisa wa afya, binti wa Kigiriama kutoka upande wa Ganze, alikuja kwangu amechoka hoi. "Shikamoo mama," akasema. "Watu wa hapa wana nini? Tumetangaza mpaka koo zimekauka."

"Marahaba. Mwanangu, nyinyi mmetangaza. Hamjaalika."

Basi akaniomba niwaalikie watu. Akanisihi nisiruke nyumba hata moja, maana nyumba moja ikiugua yatosha kurudisha maradhi mtaa mzima. Nikaitikia haraka haraka, na papo hapo moyo ukanilipuka pa! Nyumba ya mdogo wangu wa kike imo mtaa huo huo.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa hatusemezani tangu alipomwozesha bintiye. Mwaliko wangu aliniletea kwa simu. Meseji, jamani! Mimi, niliyeialika nusu ya Malindi kwa miguu yangu, ndugu yangu wa tumbo moja ananiandikia kama anayeagiza unga: "Dada, arusi ni Ijumaa, karibu." Sikwenda. Nilikaa chumbani nikasikiliza vigelegele vya arusi ya mtoto niliyembeba mgongoni, na leso ya kuvaa nilikuwa nimeshanunua. Naye akakasirika kwamba sikwenda. Tukanuniana hivyo, miezi ikawa miaka.

Lakini hamu haina haya. Zamani kila asubuhi alikuja na mahamri yake chini ya kitambaa, tukanywa chai, tukausengenya mtaa wote mpaka jua likawa kali. Baada ya ugomvi nilichemsha chai peke yangu. Nikisikia kandambili uchochoroni nilijua si zake, na bado niligeuza shingo. Nilitamani kusikia hata kukohoa kwake.

Basi nikapita. "Nimetumwa na kaunti. Mwaalikwa kesho skuli, wakubwa kwa wadogo, mkanywe chanjo ya kipindupindu. Na maji, tafadhalini, myachemshe. Msikose." Wakacheka, wakaniuliza bwana arusi ni nani. Mmoja akataka kujua kama kuna biriani. "Kuna dawa," nikamwambia, "na ukikosa, biriani tutaila sisi matangani kwako." Akaahidi kuja na wanawe wote.

Nyumba zikaisha, ikabaki yake. Ningeweza kumtuma mtu. Lakini mwanamke wa uchochoro wa nyuma alikuwa ameanza kutapika asubuhi, na jioni hayupo. Nikawaza, nikimkosa mdogo wangu, nitaishi vipi? Nikabisha hodi.

Alifungua mwenyewe. Amekonda, masikini. Nikasema maneno yangu yote huku nikikitazama kizingiti, kama ninayemwalika mtu nisiyemjua.

"Tumepokea," akajibu. "Waambie kaunti tumepokea."

Akafunga mlango. Kesho yake alikuja skuli amemshika mjukuu mkono. Wakanywa chanjo, akawashukuru wauguzi, akapita mbele yangu karibu sana hata nikausikia udi wa nguo zake. Mkono wangu uliinuka wenyewe, nikaurudisha. Yeye alikuwa ameshafika getini.

Wiki zikapita, wagonjwa wakaisha. Yule binti wa afya akaja kunishukuru. "Maradhi yameondoka, mama. Hakuna chanjo nyingine."

"Hakuna hata tangazo la maji?"

"Hakuna, alhamdulillahi." Yeye si Mwislamu, alinisemea mimi kwa adabu zake.

Mtaa mzima ulifurahi. Mimi niliingia ndani nikalia. Astaghfirullahi, nilikuwa nikingoja kaunti initume tena, nipate sababu ya kusimama mlangoni pale. Kila gari lilipopita na sauti yake nilitega sikio, kumbe ni la wauza magodoro.

Nilipomaliza kulia nikapandwa na hasira. Lo! Mwanamke mzima, nangoja serikali initume kwa ndugu yangu! Nikavaa buibui, nikaenda, nikaugonga mlango kama anayedai deni lake.

Akafungua, akanitazama juu mpaka chini. "Kaunti wasemaje leo?"

Mimi, mwenye maneno ya kila mlango, safari hii sikuwa na la kutumwa.

"Hawajasema kitu," nikamwambia. "Hawakunituma. Nina hamu nawe."

Aliushika mlango kwa mikono miwili, machozi yakimdondoka kidevuni na asiyafute, kisha akasema kwa ukali wake ule ule, "Basi ingia, dada. Mlango wazi waniingizia nzi."