Basi Lililopakwa Mawese

Wiki iliyopita tulimzika Ujiji mzee mmoja wa Rusimbi, ambaye watu wa mtaa ule watamjua nikisema tu kwamba alikuwa na basi lililooga kuliko watoto wa majirani. Aliyenipa habari ni muuza migebuka wangu pale sokoni, mkono wake ukiwa bado kwenye mizani. "Mzee wa basi hatunaye," alisema. "Ametutoka alfajiri hii." Nikaondoka bila samaki. Hakuwa ndugu yangu, wala rafiki wa kushinda naye. Alikuwa mtu wa kusalimiana, yeye juu ya ngazi na kitambaa chake, mimi napita kwenda kazini. Nimeumia kuliko nilivyotarajia.

Maisha yake yote ya kazi aliendesha mabasi ya watu, akalala katika kila mji akiwa peke yake, na kila aliporudi alimsimulia mkewe alichokiona. Alipostaafu akanunua basi dogo lililochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na mapazia. "Kila nilikolala peke yangu, na mama watoto atalala," alituambia. Tulimcheka. Mtu wa Kigoma akisafiri hulala kwa shemeji au kwa shangazi, na kulala ndani ya gari wakati ndugu wana vitanda ni sawa na kuwatukana. Mkewe ndiye pekee ambaye hakucheka. Alishona foronya, akafunga mzigo, akangoja.

Akangoja sana. Kila safari ilipokaribia, mzee aliona doa la kutu chini ya dirisha. Basi ikawa msasa, kisha rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, kisha kusubiri ikauke. Ilipokauka, mvua zikaanza. Mvua zilipokwisha, jua lilikuwa kali na likapausha rangi, kwa hiyo basi likafunikwa turubai. Siku moja nilimwamkia mama yule getini, akanijibu, "Marahaba mwanangu. Huyu ameoa basi, mimi hapa ni mpangaji." Aliusema utani huo mara nyingi mno, hata ukaacha kuwa utani.

Safari moja waliifanya, nami nilipewa lifti. Walikuwa wakienda Kidahwe kwa wakwe wa mzee, na kutoka lami hadi pale nyumbani kuna kipande cha barabara ya vumbi kilichomkosesha mzee usingizi. Jioni ya kuamkia safari akapata wazo ambalo lingeweza kuzaliwa Kigoma tu. Kwetu mawese hupikiwa, hupakwa panga lisishike kutu, hupakwa mtoto ngozi isikauke. "Kama yanalinda ngozi ya mwanadamu, yatashindwa na bati?" aliniuliza, akalipaka basi zima, mbele hadi nyuma. Kwenye lami liling'aa kama andazi. Tulipoingia kwenye vumbi, kila chembe iliyoruka ilinasa palepale, na tulipofika Kidahwe basi letu lilikuwa dagaa aliyeviringishwa kwenye unga, tayari kwa kikaango. Shemeji zake walitoka nje kutupokea, wakashika viuno. "Yewe shemeji," mmoja akapiga kelele, "umetuletea gari au kichuguu?" Mkewe alizunguka nyuma kutoa kikapu, akateleza kwa kicheko, akajishika kwenye mgongo wa basi kwa kiganja kizima asianguke. Sijawahi kumwona mama yule akicheka vile, kabla wala baadaye. Mzee hakucheka. Alirudi akaliosha kwa maji ya moto na sabuni juma zima, akaliegesha mgongo ukutani, na safari ya pili haikuwapo.

Nimemfikiria sana siku hizi, na siwezi kumlaumu. Wengi wetu tumelelewa na vitu vichache, na anayepata kitu kimoja kizuri uzeeni hukishika kwa mikono miwili. Nyumbani kwangu kuna kochi ambalo bado limevaa nailoni ya dukani, na sahani za wageni ambazo mgeni wa kuzistahili hajazaliwa. Tunaita kutunza. Na ni kutunza kweli, ila mara nyingi tunachotunza ni ganda, na kilichokuwa ndani kinazeeka kikisubiri zamu yake.

Siku ya msiba uani hapakuwa na nafasi ya maturubai, ikabidi vijana walisogeze basi mbele. Ndipo mgongo wake ulipoonekana. Kwenye rangi ile nyeupe iliyong'arishwa kwa nta, katikati, palikuwa na kiraka cha uchafu: vumbi jekundu la Kidahwe lililogandia kwenye mawese, na ndani yake kiganja, vidole vyote vitano. Juu yake mzee alikuwa ameweka kipande cha plastiki ngumu kama kioo, akakikaza kwa skrubu. Fundi mmoja wa bodi aliinama akatazama, akasema kwa mshangao, "Jamani, huyu mzee alitoboa bati mwenyewe!" Na mzee alikuwa mtu wa kukosa hamu ya chakula kwa ajili ya mkwaruzo.

Wanawake wakamwita mama atoke. Alisimama pale na kanga kichwani, akauweka mkono wake juu ya plastiki, ukakaa sawasawa. Alilia kwa sauti, nasi tukalia naye. Kisha akamgeukia mwanawe mkubwa. "Nikimaliza eda, utanipeleka Ilagala, nikalale kando ya ziwa ndani ya hili basi. Na msilioshe."

Mzee yule alijua alichokipenda, na alikitunza kwa njia pekee aliyoijua, kimya, nyuma, ukutani. Ndugu msomaji, kama nyumbani unaye umpendaye, usimwekee upendo wako mahali ambapo hadi wewe ufe na gari lisogezwe ndipo auone.