Alama ya Gollo Kwenye Bampa

Mimi si mtu wa kuamini mashetani. Lakini Jumapili ile nilitoka kanisani hapa Garsen, nikaingia uani kwangu, nikakuta alama ya marehemu imerudi.

Alama niliyoifuta kwa mikono yangu jana yake.

Wacha nianze mwanzo, msije mkasema Reuben ametafuna muguka, yale majani ya kulevya, yakampanda kichwani.

Nilikuwa na rafiki, Gollo. Yeye Muorma, mimi Mpokomo. Watu walitushangaa, maana ng'ombe wake na mahindi yangu ndivyo hasa vinavyogombanisha watu huku kwetu. Sisi tulicheka tu.

Ukame ulipomaliza ng'ombe wake, Gollo aliuza wale wachache waliobaki, akanunua Corolla nyeupe, kuukuu, ya kubeba abiria. Mimi nikawa dereva, kwa sababu mwenye gari hakujua hata kuliwasha.

Siku tulipolifikisha nyumbani kwake, jamaa akatia chuma motoni. Nikajua leo ni nyama choma.

Kumbe! Akaenda mbele ya gari, akakandamiza kile chuma kwenye bampa. Plastiki ikalia chwaa, moshi mweusi ukatuingia machoni. Mstari mmoja umelala, mikato miwili juu yake. Alama ya ng'ombe wa kwao.

"Gollo, una wazimu? Hii ni bampa!"

"Hii ng'ombe yangu," akasema. "Sasa ikipotea, watu watajua ya nani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Stendi nzima ikaliita lile gari Ndama.

Halafu ikaja mvua ya Elnino, mwisho wa tisini na saba.

Nyinyi mliokuwa wadogo mnasikia tu. Sisi tuliona Mto Tana ukilala barabarani. Siku moja Gollo akaona mtamba anachukuliwa na maji. Hakuwa wake. Mpaka leo sijui alikuwa wa nani. Nikamshika shati, akajikwanyua, akaingia.

Mtamba alitoka. Gollo hakutoka.

Tulimtafuta mpaka Chara, huko chini mtoni. Hatukupata hata kikoi chake. Mwishowe akaswaliwa bila mwili, na kaburi hana hadi leo.

Eda ilipokwisha, mkewe Hawo akaja kwangu. Alikuwa amekonda, na watoto wake walikuwa wakishindia uji mwepesi.

"Shemeji, gari inauzwa. Mtu ya Malindi anakuja Jumapili jioni. Lakini alisema hiyo kidonda ya mbele hataki. Toa."

"Lakini ile alama, shemeji..."

"Toa yote! Mimi sitaki kuona tena."

Mama yake Gollo, mama Darmi, alikuwa amekataa katakata. "Mnyama ya mwanangu msitoe alama," alisema, na tangu hapo akawa hasemi na mtu. Lakini watoto wana njaa, utafanyaje? Nikachukua spana.

Niliifungua bampa, nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaanza msasa. Kwanza ule mkali, kisha ule laini wa maji. Ilikuwa imechakaa kweli. Mikwaruzo ya miiba, tope la mafuriko limekauka kwenye kila ufa.

Alama haikutoka kwa msasa. Ilikuwa imezama ndani. Ikabidi niijaze pati, ule uji mzito wa mafundi wa kuzibia mashimo, kidole changu kikipita kwenye kila mkato.

Hapo ndipo nililia, ndugu zangu. Rafiki yangu hakuzikwa na mtu, na sasa nilihisi mimi ndiye ninayemfukia, tena kwa pati.

Pati ilipokauka nikaisawazisha. Nikamwagia maji uani vumbi litulie, nikafukuza kuku. Rangi ya msingi, halafu nyeupe kutoka kwenye kopo la kupuliza, kidogokidogo isichuruzike. Mwisho vanishi. Mbu wawili watatu wakanasa, nikawatoa kwa kibano cha Asenath, mke wangu, bila ruhusa yake. Bampa iling'aa. Gollo alikuwa amefutika kabisa.

Nikaitundika kwenye kamba ikauke. Kesho yake tukaenda kanisani.

Turudi pale nilipoanzia.

Mstari mmoja, mikato miwili. Palepale!

"Nilikuambia vitu vya marehemu havichezewi," Asenath akasema, huku anarudi nyuma.

Lakini pua yangu ilinusa plastiki iliyoungua. Nikasogea. Mikato ilikuwa imepinda, na mkono wa Gollo haukupinda kamwe. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliye hai.

Mama Darmi! Nani mwingine?

Nilikwenda kwao nimefura. Mnunuzi yuko njiani, na bibi kizee ananiharibia. Nikamkuta ameketi mlangoni, Hawo amesimama nyuma yake.

"Mama, kwa nini umeichoma bampa? Wajukuu zako watakula nini?"

Akaniinulia mikono. Vidole vilikuwa vimejikunja, vinatetemeka.

"Kijana yangu, hii mkono kikombe haiwezi. Chuma itaweza?"

Mama Darmi akageuka polepole, akamtazama mkwewe. Hawo alikuwa ameficha mkono wa kulia ndani ya shungi.

"Hawo," akasema yule mama, "toa mkono."

Kidole gumba kilikuwa na lengelenge, na ukuchani kumeganda rangi nyeupe.

Yule yule aliyeniambia toa yote.

"Nyinyi mko kanisa, nilikuja kuangalia kazi," akasema Hawo. "Nikaona nyeupe tu. Hakuna kitu. Nikapapasa, hakuna kitu. Nikachukua chuma yake, nikatia moto." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Watu iko na kaburi, shemeji. Mimi niko na bampa. Yeye alisema ikipotea, watu watajua ya nani. Sasa yeye ndiyo amepotea."

Mama Darmi akauvuta ule mkono wenye lengelenge, akauweka kifuani pake. Wakalia wote wawili, na mimi nikalia nao.

Jioni mnunuzi alifika. Nikamwambia, gari unalo, bampa huna. Aliteta sana, akapunguza bei, akalichukua hivyohivyo, gari mdomo wazi bila bampa.

Bampa nikaifunga kwenye zizi la mbuzi wa Hawo, iwe komeo la mlango.

Basi nawaambia, mtu aliyefiwa akikuomba ufute kitu cha marehemu, tena kwa haraka, weka msasa chini. Mpe chai. Muulize tena, ukimtazama usoni.

Juzi nilipita kwa Hawo. Vanishi yangu imebanduka yote, na ile nyeupe imekuwa rangi ya vumbi. Nikamwambia naweza kuipaka upya, niiache alama.

"Hapana, shemeji," akasema, akiishusha ili mbuzi watoke. "Iking'aa sana, yeye hatajua ni yake."